Uzi: Familia nzima ililala fofofo oasisi ya Siwa, tumerudi Dar usingizi umekata. Sababu ni nini?

#1 Baba Nasra (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nina jambo linanisumbua, nimeona nililete huku maana nyumbani limeshakuwa ugomvi.

Likizo ya Desemba tulikwenda Misri: mimi, mama Nasra, watoto, na bi mkubwa wangu ambaye ameshavuka sabini. Piramidi tulizipitia asubuhi moja tu, tukapanda gari kwenda Siwa. Kwa wasioijua, ni oasisi ya Jangwa la Magharibi, kama kilomita 50 tu kabla hujafika mpaka wa Libya. Unafuata pwani mpaka Marsa Matruh, halafu unakata kusini kilomita 300 hivi ambazo hazina kitu. Mawe, mchanga, nguzo za umeme, basi. Ghafla barabara inashuka bondeni unakuta mitende isiyo na mwisho, mizeituni, na maziwa ya chumvi yanayong'aa kama vioo.

Kule hatukufanya la maana. Kuoga chemchemi, kuelea kwenye mabwawa ya chumvi, kula tende, kupanda kigari cha punda, kukaa. Lakini usiku kila mtu alilala! Mama, ambaye hapa Tabata saa nane usiku yuko macho anahesabu mabati mpaka adhana ya alfajiri, kule tulikuwa tunamwamsha kwa kumtikisa. Kitinda mimba wetu, ambaye kulala kwake ni vita, alilala saa moja jioni sahani iko mbele yake.

Tumerudi Dar, haikupita wiki kila mtu karudi kwenye hali yake. Mke wangu ana jibu lake, mama ana lake, na mimi nina langu. Siyasemi kwanza. Nyie mnasemaje?

#2 Mtoto wa Keko
Wa kwanza kufika, naweka kambi. Mkuu, mlilala kwa sababu mlichoka. Dar hadi Cairo, Cairo hadi huko mwisho wa dunia, na mama wa miaka sabini! Hata mimi ukinisafirisha hivyo nitalala juu ya mbuyu.

#3 Baba Nasra
Uchovu ungeisha siku ya pili, kaka. Usiku wa mwisho tulilala kuliko wa kwanza. Na wakati wa kurudi safari ilikuwa ile ile, mbona Tabata hatukulala?

#4 Dada Mkavu
Tabata ipi hiyo? Kama ni ile ya baa tatu kwenye mtaa mmoja, kila moja na spika lake la singeli, jibu unalo tayari. Funga uzi.

#5 Kinyerezi Mpya
Mimi nasema hewa. Dar Desemba mpaka Machi hewa ni nzito, jasho halikauki, unalala umeloa unaamka umeloa. Jangwani hewa kavu. Jasho likitoka linapaa hapo hapo, mwili unapoa wenyewe. Halafu Desemba kule ni majira ya baridi, usiku kunapoa sana. Mwili ukipoa usingizi unakuja, hilo hata watu wa Lushoto wanalijua.

#6 Mgosi wa Lushoto
Tumetajwa. Ni kweli, ila Lushoto tunalala na hatuna jangwa, kwa hiyo toa hoja ya ukavu bakiza ya baridi. Huku ukungu mpaka chumbani na watu wanakoroma.

#7 Mhamiaji wa Muscat
Naomba kupinga #5. Nimefanya kazi Oman miaka mingi, jangwa nimelala nalo. Ukavu haulazi mtu. Pua inakauka mpaka inatoa damu, midomo inapasuka, koo linakuwa kama limepigwa msasa. Miezi ya mwanzo sikupata usingizi kabisa. Mleta uzi, kule mlikuwa karibu na maji?

#8 Baba Nasra
Maji kila upande. Siwa ina chemchemi nyingi mno na maziwa makubwa kadhaa. Nyumba tuliyofikia ilikuwa ndani ya shamba la mitende, mfereji unapita mlangoni.

#9 Mhamiaji wa Muscat
Basi hapo hamkulala jangwani, mmelala shambani. Oasisi na jangwa ni vitu viwili. Mitende inatoa kivuli, chini yake kuna michungwa na mboga, chini kabisa maji. Hewa ya humo si kavu ya kuua. Hata Oman wenye nafasi zao wanakimbilia mashamba ya tende wikiendi.

#10 Ukweli Mchungu
Wote mmeikosa. Siwa iko chini ya usawa wa bahari, kama mita 19 hivi. Ukiwa chini ya usawa wa bahari oksijeni inakuwa nyingi, ubongo unapumzika. Ndiyo sababu watu wanakwenda Bahari ya Chumvi kutibiwa.

#11 Mwalimu wa Jiografia
Mita 19 ni sahihi. Hesabu ndiyo inakuangusha. Bahari ya Chumvi iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, huko ndiko shinikizo la hewa linaongezeka kwa kiasi cha kupimika mwilini. Kwa mita 19 ongezeko halifiki hata robo ya asilimia 1. Kwa hesabu yako, mtu akihama kutoka ghorofa ya sita kwenda chini angelala siku mbili.

#12 Mtoto wa Keko
Kumbe ndiyo maana walinzi wa chini kwenye maghorofa ya Posta wanalala sana 😂😂

#13 Mlinzi wa Zamu
Tuheshimiane. Tunafumba macho kuwaza.

#14 Chumvi ya Uvinza
Jibu ni chumvi, sijui mnazunguka nini. Nimekulia Uvinza, wazee walikuwa wakichoka wanakandwa kwa maji ya chumvi ya moto. Mleta uzi kasema walielea kwenye mabwawa ya chumvi. Chumvi inaingia kwenye ngozi, inalegeza misuli, mtu analala. Na bi mkubwa lazima walimfukia kwenye mchanga wa moto, maana nimesikia Siwa wana tiba hiyo ya baridi yabisi.

#15 Nesi wa Usiku
Tuyatenganishe haya mambo. Mchanga wa moto ni kweli wanao, pale mlima Dakrur, lakini ni tiba ya kiangazi jua likiwa kali. Desemba mchanga wenyewe ni wa baridi, hawamfukii mtu.

Chumvi kupenya kwenye ngozi: ngozi kazi yake ni kuzuia vitu visiingie, kwa hiyo kinachoingia ni kidogo sana. Ila kuelea kwenyewe kunafanya kazi. Maji yenye chumvi nyingi ni mazito kuliko mwili, yanakubeba mzima mzima. Magoti, nyonga, kiuno, vyote vinapumzishwa uzito. Mgonjwa wangu mwenye maumivu ya mgongo nikimweka kwenye maji tu uso unabadilika. Bi mkubwa ana magoti?

#16 Baba Nasra
Ana magoti, dada yangu. Hapa nyumbani akitaka kukaa kitako ni dua ndefu. Kule alielea na dera lake, anacheka peke yake, anasema "niacheni hapa hapa". Yale mabwawa yametokana na uchimbaji wa chumvi, marefu na membamba, maji ya rangi ya samawati na kingo nyeupe. Huwezi kuzama hata ukitaka. Ila anayefikiria kwenda: mtu asiingie na kidonda wala akiwa ametoka kunyoa, na watoto wakatazwe kujimwagia usoni. Nasra aliingiwa na chumvi machoni, kilio kilisikika Libya. Beba chupa ya maji baridi ya kusuuzia.

#17 Kinyerezi Mpya
Kwa hiyo tusihangaike na Misri, twende Ziwa Natron hapa hapa tukaelee.

#18 Mwalimu wa Jiografia
USIJARIBU. Natron ni magadi, si chumvi ya mezani. Maji yake yanaweza kuunguza ngozi na macho. Flamingo wanaishi pale kwa sababu wameumbwa kwa ajili ya pale, wewe hukuumbwa hivyo. Ukienda Natron, ogea kwenye maporomoko ya Ngare Sero, maji baridi matamu yanayoshuka milimani.

#19 Kinyerezi Mpya
Asante mwalimu, umeokoa ukoo.

#20 Pwani Halisi
Mnamaliza chaki bure. Maji yaliyotuama katikati ya nyika, mitende, magofu ya kale, mnadhani pale hapana wenyewe? Mgeni akiwaingilia wenyewe kwa adabu wanamlaza. Huyo bi mkubwa aliyesema "niacheni hapa hapa" ameambiwa aseme.

#21 Dada Mkavu
Babu tulia. Majini wa Siwa wenyewe ni Waamazighi, yaani Waberber kama wenyeji wa huko, wangesemezana vipi na bibi wa Tabata?

#22 Pwani Halisi
Wewe cheka tu. Hawahitaji mkalimani hao.

#23 Fundi Visima
Nachelewa kufika ila naona hakuna aliyegusa swali lililo chini ya swali. Maji yale yanatoka wapi? Mvua Siwa ni kama hakuna. Wengine humu mtasema Nile inavuja.

#24 Ukweli Mchungu
Si ndiyo Nile? Misri maji yote ni Nile.

#25 Fundi Visima
Nilijua nitampata mmoja. Nile iko mamia ya kilomita mashariki ya Siwa. Yale ni maji ya ardhini, yamo ndani ya mwamba wa mchanga wa Nubia, hifadhi iliyotandaa chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad. Yaliingia humo zamani Sahara ikiwa na mvua na nyasi. Kuna maji ya visima vya Jangwa la Magharibi yaliyopimwa umri yakakutwa kati ya miaka 200,000 na milioni 1. Ni maji ya enzi hizo ndiyo yanapanda Siwa, kwa sababu bonde lipo chini na maji yana msukumo. Libya ya Gaddafi iliingia hifadhi hiyo hiyo ikavuta maji kwa mabomba makubwa mpaka pwani, awamu ya kwanza ikafunguliwa 1991.

Hapa kwetu anayetaka kuelewa maji marefu namna hiyo aangalie visima vya Kimbiji na Mpera. Unachimba mamia ya mita ndiyo unakutana nayo.

#26 Mgosi wa Lushoto
Sasa kama maji yanatoka matamu, maziwa yana chumvi kwa nini? Mimi nadhani ni Mediterania inapenya chini kwa chini. Si bonde lipo chini ya bahari?

#27 Fundi Visima
Wazo zuri ila sivyo. Maji ya chemchemi yanamwagilia mashamba, yanayobaki yanashuka sehemu ya chini kabisa ya bonde. Bonde halina pa kutokea. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, mwaka hadi mwaka. Na siku hizi tatizo limekua, visima vimechimbwa vingi kupita kiasi, maji ya ziada yanapandisha maziwa na chumvi inapanda mashambani, mitende ya pembeni inakufa. Mleta uzi, uliona mitende iliyosimama imekauka majini?

#28 Baba Nasra
Niliiona! Upande wa Fatnas, pale watu wanapoangalia machweo. Nilidhani ni ukame kumbe ni maji.

#29 Mama mwenye Swali
Samahani, nimefuata uzi tangu jana. Kuna mtu aliniambia Siwa kuna chemchemi mchana baridi, usiku moto. Ni kweli?

#30 Mwalimu wa Jiografia
Ni habari ya kale sana. Herodotus wa Ugiriki aliiandika karne ya tano kabla ya Kristo, kwamba Chemchemi ya Jua ni vuguvugu alfajiri, baridi adhuhuri, na usiku wa manane inachemka. Inadhaniwa ndiyo hii watalii wanaiita Bwawa la Cleopatra, ingawa hakuna uthibitisho kwamba Cleopatra aliwahi kuoga pale. Aliyefika Siwa kwa uhakika ni Aleksanda Mkuu, mwaka 331 kabla ya Kristo, kuuliza neno kwenye hekalu la Amuni, mungu wa Wamisri wa kale. Magofu ya hekalu yapo Aghurmi mpaka leo.

#31 Fundi Visima
Na maji yenyewe hayabadiliki. Yanatoka chini na joto lile lile saa zote. Kinachobadilika ni wewe: mchana hewa moto unayaona baridi, usiku hewa baridi unayaona moto. Aliyeoga maji ya kisima kirefu saa kumi na moja alfajiri anajua.

#32 Mama mwenye Swali
Asante. Lakini Herodotus kasema yanachemka, si vuguvugu.

#33 Dada Mkavu
Naye alikuwa mwanachama wa jukwaa, lazima atie chumvi.

#34 Mtalii Mchovu
Nimeingia kuharibu sherehe. Nimewahi kufika Siwa, na SIKULALA. Mbwa usiku kucha, mbu wapo (maji yametuama kila mahali, mlitegemea nini?), mchana inzi wa tende. Ilikuwa Agosti, joto zaidi ya nyuzi 40, feni inapuliza moto. Nilikimbilia Matruh baharini. Kwa hiyo hii habari ya oasisi kulaza watu naomba iwekewe alama ya kuuliza.

#35 Kinyerezi Mpya
Agosti! Ndugu yangu, ulikwenda tanurini kwa nauli yako. Hii inaniongezea nguvu: ni baridi ya Desemba ndiyo iliyowalaza.

#36 Mhamiaji wa Muscat
Au ni chandarua. Mleta uzi mlikuwa na chandarua?

#37 Baba Nasra
Tulikuwa nacho, na mablanketi mazito ya sufu. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa karshif, yaani mabonge ya chumvi ya ziwani yaliyoshikamanishwa kwa udongo, ukuta mnene kama mkono. Mchana ndani baridi kidogo, usiku joto kidogo. Na kimya. Ukifunga mlango husikii hata punda. Mji wao wa zamani, Shali, ni ngome nzima iliyojengwa hivyo. Mwaka 1926 mvua ilinyesha siku tatu, ikaharibika vibaya mpaka watu wakahama.

#38 Mtoto wa Keko
Masika moja tu ya Jangwani pale Magomeni, ngome yote inakuwa mchuzi.

#39 Mbena Msomi
Huu ukuta unaotajwa juu juu naona ndiyo jibu. Nyumba zetu Dar ni tofali za inchi sita na bati. Bati linapokea jua kutwa, usiku linakutemea joto kitandani. Ukuta mwembamba, kelele zote za jirani unazo, unajua mpaka deni lake la dukani. Mweke bi mkubwa kwenye chumba cha ukuta mnene hapa hapa Tabata uone kama hatalala.

#40 Nesi wa Usiku
Na giza. Usiku wa Dar hauna giza siku hizi. Taa ya ulinzi ya jirani, taa ya mnara wa simu, simu mkononi. Mwanga ukiingia machoni usiku mwili unachelewa kutengeneza homoni ya usingizi. Siwa mjini kuna umeme, ila kuna hoteli chini ya ule mlima mweupe ambayo makusudi haina umeme, ni mishumaa tu. Watu wanalipa pesa nyingi kulala gizani, wakati sisi umeme ukikatika tunatukana.

#41 Dada Mkavu
Kwa hiyo shirika likikata umeme linatupa huduma ya kitalii. Nimeelewa.

#42 Kimara Mwisho
Niwape kesi yangu. Nilisoma habari kama hizi za giza na kimya, nikaweka pazia zito, simu nikaiacha sebuleni, feni kasi ya juu. Usiku wa kwanza nikalala vizuri sana. Usiku wa pili nikaamka saa tisa nikawaza ada ya shule mpaka kunakucha. Giza halilipi ada, wakuu.

#43 Mama Nasra
Asalaam alaikum wote. Mimi ndiye mke wa mleta uzi, nimeingia baada ya kuona anajibu watu usiku wa manane huku analalamika hana usingizi.

Nitasema jibu langu, maana yeye ameuficha ukweli. Kule hakuna aliyefanya kazi. Kifungua kinywa tulitengewa, jibini, zeituni, mayai, mkate wa moto. Jioni mwenyeji alipika kuku na wali kwa kuvifukia kwenye shimo la makaa, wanaita abu mardam. Mimi sikushika mwiko. Sikufua. Sikuamka saa kumi kuandaa watoto wa shule. Na yeye mtandao ulikuwa unasuasua, ile simu yake ikawa tochi. Alicheza bao la mchangani na watoto! Mama akapata watu wa kuzungumza naye kutwa. Hapa kutwa nzima anashinda na runinga, jioni tunarudi na foleni zetu kila mtu amenuna. Angelala vipi?

#44 Dada Mkavu
NIMESIMAMA KUPIGA MAKOFI.

#45 Ukweli Mchungu
Shemeji kasema, lakini mbona mtoto mdogo naye alilala? Yeye hana foleni wala mwiko.

#46 Mama Nasra
Alikuwa anabiringika kwenye matuta ya mchanga kutwa, shemeji. Hapa Tabata uwanja wa kucheza ni korido. Tulipelekwa Bahari Kuu ya Mchanga kwa gari la kupanda matuta, wakateleza na vibao mpaka jua linazama, halafu tukaoga Bir Wahed, maji ya moto katikati ya mchanga. Mtoto ambaye angerudi hapo akakosa usingizi, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali.

#47 Fundi Visima
Bir Wahed kile kilipatikana watu wakichimba mafuta. Walitafuta mafuta wakapata beseni la kuogea.

#48 Mtalii Mchovu
Na kuingia huko ndani kwenye mchanga lazima kibali cha jeshi, dereva wa pale ndiye anayekishughulikia. Usimfuate anayekwambia kibali hakihitajiki. Njiani pia kuna vizuizi, beba nakala za pasipoti za kila mtu, ya bibi na ya mtoto.

#49 Pwani Halisi
Bi mkubwa mwenyewe anasemaje? Kila mtu kasemewa isipokuwa yeye.

#50 Baba Nasra
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema alilala kwa sababu alijua wote tupo. Hapa Dar hulala akingoja kusikia geti, mimi narudi usiku, mdogo wangu ana bodaboda. Kule hapakuwa na geti la kungoja.

#51 Kinyerezi Mpya
Aisee.

#52 Mhamiaji wa Muscat
Hilo sina la kulipinga, ila halielezi watoto wala mwenye uzi. Bado nasimama na kivuli cha mitende.

#53 Chumvi ya Uvinza
Na mimi bado nasimama na chumvi. Nesi hajanijibu kwa nini wazee wetu walikuwa wanapona.

#54 Nesi wa Usiku
Maji ya moto ndugu yangu, si chumvi. Ukimkanda kwa maji ya moto yasiyo na chumvi atapata nafuu ile ile.

#55 Chumvi ya Uvinza
Umejaribu?

#56 Nesi wa Usiku
Wodini chumvi ni ya uji.

#57 Mbena Msomi
Kwa sisi ambao Misri ni ndoto, oasisi ya karibu ni ipi? Chemka?

#58 Mgosi wa Lushoto
Chemka, au Kikuletwa, karibu na Boma Ng'ombe. Nyika imekauka, ghafla mitini na minazi-pori imezunguka maji safi ya rangi ya feruzi, vuguvugu kidogo, samaki wadogo wanakudonoa miguu. Ila mwisho wa wiki na sikukuu kunajaa, kamba ya kurukia ina foleni yake. Nenda katikati ya wiki asubuhi.

#59 Mwalimu wa Jiografia
Anayetaka jangwa hasa avuke Namanga aende Kenya kaskazini. Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kuna chemchemi na mikoma, Wagabra wananywesha ngamia. Au Loiyangalani ukingoni mwa Ziwa Turkana. Ila upepo wa huko si wa kumpeleka bibi.

#60 Mtalii Mchovu
Upepo wa Loiyangalani unang'oa hema na aliyemo ndani.

#61 Mama mwenye Swali
Baba Nasra, tunataka kwenda Siwa na watoto Juni wakifunga shule. Viza mliipataje, na Juni kukoje?

#62 Baba Nasra
Viza tuliomba ubalozini hapa Dar mapema, anza kabla ya kukata tiketi. Ndege ya Misri inaruka moja kwa moja hadi Cairo. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, beba. Juni kuna joto kali, subiri Oktoba hadi Machi. Oktoba mwezi mpevu wana sherehe yao pale Dakrur, koo zote zinakaa chini zinakula pamoja na kumaliza ugomvi wa mwaka, ila vyumba vinawahi kujaa. Wanawake wavae vya kusitiri, na kwenye chemchemi za wazi pia. Bia hakuna, msiulizie.

#63 Mtoto wa Keko
Bia hakuna? Wakuu, tumezunguka kurasa zote hizi na jibu lilikuwa hapo?

#64 Mama Nasra
Sikutaka kulisema mimi.

#65 Baba Nasra
Mama Nasra rudi chumbani tuongee.